Jezi ya Marehemu

Kwa aliyekosa gazeti la Jumapili iliyopita nitasema kwa ufupi, maana hata kukumbuka kunanitoa jasho.

Jina langu ni Shikanga, mkazi wa Shirere, na mimi ndiye mtunza ngoma wa mashabiki wa Radi FC. Ngoma yenyewe ni ile isukuti kubwa. Wachezaji wetu hawatoki kwenye chumba chao kabla hawajaisikia ikilia. Ikishalia hutoka mbio, na kila mmoja huigusa kwa kiganja anapopita. Tangu tuishike desturi hiyo, Miwa FC ya Kabras haijawahi kutufunga pale uwanjani Bukhungu.

Ngoma hiyo si yangu. Ni ya mashabiki wote. Na mimi, bila kumwuliza mtu, niliiazimisha matangani.

Matanga ya nani? Ya Masinde, shemeji yangu, kaka yake Milcah mke wangu. Wapi? Kabras. Wiki gani? Wiki ya mechi ya Radi na Miwa.

Mnicheke. Lakini wakwe wakikuomba ngoma ya kumsindikiza mtu wao, utawajibu nini? Kwamba kuna mpira?

Tuliachana pale ambapo Simiyu, mkuu wa mashabiki wetu, alikuwa amesimama mlangoni kwangu Jumamosi asubuhi, mkono wake mzito begani mwangu, akitaka kuiona ngoma. Nami nilikuwa nimeshamwambia kwamba iko kwa fundi, Mayoni, inabadilishwa ngozi.

"Mayoni," akasema Simiyu. "Sawa. Pikipiki yangu iko hapo nje. Panda twende tuione."

"Leo haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Fundi ni Msabato."

Simiyu akanitazama.

"Jumamosi hagusi kazi," nikaendelea. "Hata mlango hafungui. Ukienda utakuta kufuli, yeye yuko kanisani na watoto wake."

Uongo ule ulitoka umenyooka kiasi kwamba mimi mwenyewe nilianza kumheshimu huyo fundi.

"Msabato anayetengeneza isukuti," Simiyu akasema polepole. "Kweli dunia imeisha." Akaondoa mkono begani. "Lakini kesho si Sabato, Mzee."

"La. Kesho si Sabato."

"Basi kesho saa nane ngoma iwe lango kuu la Bukhungu. Mike amenisumbua wiki nzima. Kapteni mzima ananiuliza mbona hajaisikia ikijaribiwa. Wachezaji wameanza kunong'onezana." Akatabasamu, na tabasamu lake ndilo lililonitisha kuliko mkono. "Mzee, unakumbuka kibanda cha Sammy?"

Nani asiyekumbuka? Sammy alikuwa akiuza chipsi karibu na barabara. Msimu uliopita watu walidai kwamba amewapa Miwa majina ya kikosi chetu kabla ya mechi. Kibanda kiliungua mchana, jua likiwaka, na katika Shirere nzima hakupatikana hata mmoja aliyeona moshi. Baadaye ikajulikana kwamba Sammy hakusema neno. Lakini wakati huo alikuwa ameshahamia Busia.

"Nakumbuka," nikasema.

"Vizuri. Wewe una vyumba hapo nyuma, una wapangaji, wanafunzi, watoto wa watu. Sitaki kusikia mambo mabaya." Akawasha pikipiki. "Kesho tunawamaliza, Mzee!"

"Tunawamaliza," nikajibu, na sauti yangu ilikuwa kama ya kifaranga.

Alipoondoka tu, nikampigia Milcah, ambaye alikuwa kwao Kabras tangu kaka yake alipofariki.

"Mmeshanyoa?"

Niwaeleze. Katika boma lile, mtu akizikwa, jamaa hawatawanyiki mpaka siku ya kunyoa nywele. Ndipo kilio hufungwa. Na kitu chochote kilichoimba kaburini, iwe ngoma, iwe njuga, hakitoki getini kabla ya kunyoa, maana bado kimebeba mauti. Haya niliyajua. Lakini nilidhani mazishi yalikuwa katikati ya wiki, na hesabu yangu ilinionyesha kwamba Jumamosi watanyoa, Jumamosi jioni ngoma itakuwa kwangu, na Simiyu hatajua lolote.

"Kunyoa?" Milcah akasema. "Tumezika jana, baba Nanjala. Tulimngoja Gentrix atoke Mombasa. Ungemzika mtu bila bintiye? Kunyoa ni Jumatatu."

Nikakaa chini palepale mlangoni.

"Basi nakuja kesho asubuhi."

"Kufanya nini?"

"Kuichukua."

Milcah akashusha sauti. "Shikanga, usinitie aibu kwetu. Kila mtu hapa ni Miwa. Hata maiti ilikuwa Miwa."

Jumapili nilifika Kabras mapema. Barabarani nilikutana na matrekta ambayo siku nyingine hubeba miwa kwenda kiwandani. Siku hiyo yalibeba watu. Walikuwa wamejaa kwenye tela, bendera za kijani, filimbi, matarumbeta, wote wakielekea Bukhungu. Nilikuwa nimeficha kofia yangu nyekundu ya Radi chini ya shati, na niliisikia ikinichoma tumboni kama kaa la moto.

Katika hali ya kawaida, wasomaji wangu, hiyo ndiyo asubuhi ninayoipenda kuliko zote. Asubuhi ya mechi sili, sisikii mtu akiniita, natembea huku na huku nikipanga kikosi kichwani. Siku hiyo pia sikula. Lakini sikuwa na kikosi kichwani. Nilikuwa na vyumba vyangu vya nyuma, na moshi.

Titus, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa ameketi chini ya hema na wazee, wanakunywa chai.

"Aa, mkwe wetu!" akaita. "Umeleta kichwa kinyolewe? Umekuja siku moja mapema."

Wazee wakacheka. Mimi nikapiga goti kidogo, nikasalimu kila mtu, nikapewa kiti cha mwisho.

"Titus, nimekuja na ombi."

"Tunajua ombi lako. Dada yetu ametuambia. Unataka ngoma."

"Nataka ngoma."

"Ulipokuja kumchukua Milcah hukuwa na haraka namna hii. Ulitukalisha mwaka mzima tukingojea ng'ombe."

"Titus, tafadhali. Nisipofika nayo lango kuu saa nane, watanichomea nyumba."

"Nani? Watu wako?"

"Watu wangu."

"Hao ndio mashabiki?" Titus akawageukia wazee. "Mnasikia? Sisi Miwa tukifungwa tunarudi nyumbani kula obusuma na mboga, tunalala. Hawa wanachoma mwenzao." Akanirudia. "Mkwe, wewe ni mtu mzima, umesoma. Ngoma ile imemwimbia ndugu yangu mpaka shimoni. Unataka kuitoa humu na udongo bado mbichi, uipeleke kwenye makelele?"

Ni kweli nimesoma. Nilimaliza darasa la usiku nikiwa tayari na watoto wanne, na hapo nilijifunza mengi, pamoja na kwamba ngoma ni mti na ngozi. Lakini tumbo langu halikwenda darasa la usiku. Tumbo langu lilikuwa likimsikiliza Titus.

Wazee wakainamiana, wakazungumza. Mimi nikahesabu majani ya mgomba ulio mbele yangu. Mwishowe Titus akakohoa.

"Tumekuhurumia kwa sababu ya dada yetu. Ngoma itatoka. Lakini ngoma na mjane wako katika kilio kimoja. Mmoja hatoki bila mwenzake."

"Sijaelewa."

"Utaenda na mjane. Mkono wa kwanza kuipiga huko uwe wake. Na kabla jua halijazama, wote wawili wawe wamerudi hapa. Ukienda kinyume, huo mkosi utatua palepale utakapokuwa, si kwetu."

"Titus! Mjane uwanjani?"

"Basi iache."

Nikamwangalia machoni. "Niambie ukweli. Umesema hivyo kwa sababu ya kilio, au kwa sababu ya Miwa?"

Titus akapuliza chai yake, akanywa, akaiweka chini.

"Kwa sababu zote mbili," akasema.

Hapo mjane akatoka nyumbani, na mimi nikainamisha kichwa haraka.

Nilikuwa na sababu mbili za kuinama. Ya kwanza ni heshima. Kwetu, mke wa shemeji yako ni sawa na mama mkwe. Humgusi. Humkalii karibu. Jina lake halipiti kinywani mwako. Mimi humwita Mama Gentrix, na huyaelekeza maneno yangu kwenye ukuta au kwenye mti, naye hujibu vivyo hivyo.

Sababu ya pili ni kile alichovaa.

Mjane kule huvaa nguo ya mumewe, ameigeuza ndani nje, mpaka siku ya kunyoa. Masinde alikuwa na koti zuri la sufu. Alikuwa na mashati. Lakini wote waliomjua walijua kwamba alikuwa na nguo moja tu aliyoiita nguo.

Mama Gentrix alikuwa amevaa jezi ya Miwa FC. Ya kijani. Imegeuzwa, nyuzi zimetoka nje, na namba tisa ya mgongoni ikionekana kwa mbali kinyumenyume.

"Mungu wangu," nikasema.

"Mkwe, una neno?" Titus akauliza.

"Hiyo... hiyo nguo. Hawezi akavaa lile koti?"

Wazee wote waliacha kunywa.

"Shikanga," Titus akasema taratibu, "unataka kumvua mjane nguo ya mumewe?"

"La! La, sikusema hivyo!"

Milcah akanivuta kando, nyuma ya masufuria. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia, lakini mdomo wake ulikuwa ukijizuia kucheka.

"Umeazimisha ngoma, sasa umeazimwa mjane," akasema. "Chukua leso yangu hii nyekundu. Nitamfunga mwenyewe, ifunike jezi mpaka shingoni. Umlinde, Shikanga. Kwangu huyo ndiye Masinde aliyebaki."

Pikipiki zote za pale zilikuwa zimeenda Bukhungu. Iliyobaki ni ya Weldon, mpwa wa marehemu, ambaye naye alikuwa ndiyo anaanza kuondoka, bendera ya Miwa imefungwa kwenye usukani.

"Weldon, toa hiyo bendera," nikamwambia.

"Buda, bendera ikitoka na mimi natoka," akajibu. "Panda ama uachwe."

Tukapanda. Weldon mbele, mimi nyuma yake, Mama Gentrix mwisho. Na kwa sababu sisi wawili hatuwezi kugusana, ngoma tukaiweka katikati yetu, imelala kama ukuta. Kila tulipopita kwenye shimo iligonga uti wangu wa mgongo, ikatoa sauti nzito, duu, na nywele zikanisimama. Nilifikiri: huo si ndio mkono wa kwanza? Mgongo wangu unahesabika?

Tulipofika karibu na Malava, Mama Gentrix alizungumza kwa mara ya kwanza, ameuelekeza uso wake kwenye mashamba.

"Leo nani yuko langoni kwa Radi?"

"Kijana mpya," nikayajibu mashamba ya upande mwingine.

"Baba Gentrix alikuwa akiulizanga hilo. Hata hospitalini. Nikimpa uji, ananiuliza nani yuko langoni."

Nikaishikilia kofia yangu chini ya shati.

"Alisema hii mechi ataiona," akasema. "Nikamwambia, wewe unaumwa, utaionaje? Akasema, nitaiona tu, mama, hata nikiwa nimekufa."

Ngoma ikagonga mgongo wangu. Duu.

"Weldon, punguza mwendo," nikasema.

"Nikipunguza tutachelewa!"

Lango kuu la Bukhungu lilikuwa jekundu. Watu wetu walijaa pale hadi barabarani, wameshika matawi, wamepaka nyuso rangi. Weldon alipoona wekundu ule akasimama mbali, akatushusha, akageuza pikipiki kuelekea upande wa Miwa.

"Usimwambie mtu," nikamsihi.

"Buda, mimi sijui kitu," akasema, akatoweka.

Nikavaa kofia yangu, nikaining'iniza ngoma begani. Mara sauti ikapigwa: "Ngoma imekuja!"

Yaliyofuata sikuweza kuyazuia. Walinijia kama maji. Mikono ikainyakua ngoma, ikainuliwa juu ya vichwa, ikapita kutoka kwa huyu hadi kwa yule, watu wanaibusu, watu wanailaza shavuni. Mmoja akainua kiganja aipige.

"Usipige!" nikapiga ukelele. "Ngozi ni mpya! Haijakauka! Anayeipiga kwanza ni huyu mama!"

Wakageuka. Mama Gentrix alikuwa amesimama nyuma yangu, leso nyekundu imemfunika mpaka kidevuni.

Simiyu akapenya katikati ya watu, kicheko usoni. "Mzee, umetimiza! Nilianza kukutilia shaka." Akamtazama mama. "Na huyu ni nani?"

"Ni mtu wa kwa fundi," nikasema.

"Hana jina?"

Nikafungua kinywa. Jina nalijua. Halikutoka.

"Mama, karibu, lakini ni lazima ukaguliwe," Simiyu akasema. "Leo Miwa wanaweza kutuma mtu na chochote. Moraa! Njoo hapa."

Moraa ndiye hukagua wanawake langoni kwetu. Ni mwenyeji wa Kisii, mpole, lakini mikono yake haiachi kitu. Akampapasa Mama Gentrix kiunoni, akampapasa mbavuni, akainua ncha ya leso mgongoni.

Akaganda.

Simiyu alikuwa karibu, akachungulia. Akaona kijani. Nikamwona akivuta pumzi ya kupiga kelele, na nikajua kwamba kelele hiyo ikitoka, mama huyu hatafika nyumbani akiwa mzima.

Lakini haikutoka. Macho ya Simiyu yalikuwa yameona zile nyuzi. Yakaiona namba tisa iliyogeuka. Simiyu ni Mluhya, amezika mama na baba.

Rangi ikamtoka usoni.

"Mimi sijaona kitu," Moraa akanong'ona, akairudisha leso, akaondoka huku anajifuta mikono kwenye sketi, tena na tena.

Simiyu akanishika ukosi, akanivuta mpaka ukutani.

"Mzee. Ngoma imetoka wapi?"

"Kabras."

"Kwa fundi?"

"Kwa matanga."

"Wamenyoa?"

"Kesho."

Akaviangalia viganja vyake. Alikuwa ameibeba ngoma ile juu ya kichwa chake, amecheza nayo. Nilitegemea ngumi. Nilifumba macho niipokee. Nilipofumbua, nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona maishani. Simiyu alikuwa akitetemeka.

"Nani anajua?"

"Wewe, mimi, na Moraa."

"Na aliyewaleta?"

"Mpwa wa marehemu. Amesema hajui kitu."

"Yuko wapi?"

Nikanyoosha kidole upande wa jukwaa la Miwa. Kule kulikuwa kijani kitupu, sikuweza kumtambua mtu.

Simiyu akajifuta jasho kwa fulana.

"Sikiliza. Wachezaji wakijua, hawatatoka. Wasipotoka, refa anawapa Miwa ushindi wa mezani. Ngoma isipolia, pia hawatatoka. Umetufunga kamba miguu yote miwili, Mzee." Akanisogelea mpaka nikasikia joto la pumzi yake. "Kwa hiyo italia. Huyo mama atapiga, leso isishuke, na wewe utacheka. Unanisikia? Utacheka. Mpira ukiisha, mimi na wewe tutaenda kukaa huko nyuma kwenye vyumba vyako, tuongee."

"Simiyu, huyo mama hana makosa."

"Makosa ni yako. Cheka."

Nikacheka.

Tukasimama pale pembeni mwa uwanja, karibu na mlango wanakotokea wachezaji. Nikaiweka ngoma mbele ya Mama Gentrix bila kumgusa, nikarudi nyuma.

"Mkwe," akauambia uzio, "ni sasa?"

"Ni sasa, mama."

Akaweka kiganja chake juu ya ngozi, kama mtu anayempapasa mgonjwa apime homa. Kisha akapiga.

Alikuwa fundi kweli, yule mama. Lakini alipiga mapigo aliyokuwa ameyapiga wiki nzima: moja zito, kimya, mawili ya haraka, kimya. Mapigo ya kumtoa mtu nyumbani kwake.

"Si hivyo!" Simiyu akanong'ona kwa meno. "Mwambie si hivyo!"

Nikaanza kupiga makofi ya haraka, nikaimba wimbo wetu kwa sauti yote niliyobakiwa nayo, na watu wetu wakaupokea, jukwaa zima likaruka. Makelele yakayameza yale mapigo. Nikamwona Simiyu akipumua. Mimi nami nikapumua.

Mlango ukafunguliwa, vijana wetu wakatoka mbio.

Ndiyo dakika ninayoisubiri mwaka mzima. Kiatu kwenye saruji, jezi nyekundu, nyuso za watoto ambao nimewaona wakikua. Mike alikuwa wa kwanza. Akaigusa ngoma kwa viganja vyote viwili, akavibusu.

"Mzee Shikanga! Leo nalala na mpira, mabao matatu!"

Nikacheka, kama nilivyoamrishwa.

Na Mama Gentrix, bila kuinua uso, akamwambia kwa upole, "Asante kwa kuja."

Mike akapunguza hatua. Akageuka kidogo. Kisha wenzake wakamsukuma, akaenda.

Wa pili akagusa. "Asante kwa kuja." Wa tatu. "Asante kwa kuja, mwanangu." Kila aliyepita alishukuriwa kama wanavyoshukuriwa watu waliokuja kusema pole, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikishindwa kumnyamazisha, maana nitamnyamazishaje mtu ambaye siwezi kumgusa wala kumwita? Mpaka yule kipa mpya, wa mwisho. Mama akamwinulia macho.

"Ni wewe uko langoni?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Anakuangalia."

Kipa akanitazama mimi. Nikatazama miguu yangu.

Walijipanga mstari katikati ya uwanja. Miwa nao wakatoka. Refa akashika filimbi. Nikafikiri, labda. Labda dakika tisini zitapita, jua halijazama, nitamrudisha mama, nitapokea hasira za Simiyu kama mwanamume, na itaisha.

Ndipo jukwaa la Miwa likanyamaza.

Si kupungua kwa kelele. Kunyamaza. Filimbi, matarumbeta, vyote. Watu wetu nao, mmoja mmoja, wakaacha kuimba ili wajue kuna nini, na katika kimya kile mapigo ya Mama Gentrix, ambaye hakuna aliyemwambia aache, yakasikika uwanja mzima. Moja zito. Kimya. Mawili.

Kwenye uzio wa upande ule alisimama Weldon. Ametuelekezea mkono. Kisha akavua jezi yake, akaipindua, akaivaa ndani nje.

Aliye karibu naye akavua. Na wa nyuma yake. Mstari mzima ukavua, na mwingine juu yake, mikono ikipanda na kushuka, kijani kikizimika na kuwa kijani cha upande wa ndani, kilichofifia, chenye nyuzi. Jukwaa zima la Miwa likasimama wima katika nguo za kilio, likitutazama bila neno.

"Simiyu," nikaita.

Nikageuka. Pale alipokuwa amesimama palikuwa wazi, na watu wetu waliokuwa wamenizunguka walikuwa wamerudi nyuma, wamebaki wakiitazama leso nyekundu, ambayo ilikuwa imeteremka mabegani.

Mike aliondoka kwenye mstari. Refa alimwita, hakusikia. Alikuja kwangu akitembea polepole, na nyuma yake vijana wetu wote walikuwa wamesimama, mikono wameitenga mbali na miili yao kama watu walioshika rangi mbichi.

Akafika mbele yangu. Akanionyesha viganja.

"Mzee Shikanga," akasema, "tumegusa nini?"